Sauti ya Mwinyimvua

Dada yangu Dija, Miono,

Shikamoo. Dada, ndoa tamu! Daktari wa ile manowari, meli ya vita iliyotia nanga hapa, alipompasua Mwinyimvua jipu la mdomoni, alimwingiza mrija kooni apate kupumua, na tangu hapo sauti imekauka. Ananinong'oneza tu, mdomo sikioni: "Mina, mke wangu." Nayeyuka!

Lakini wanawake wa Kaole hawanipi nafasi kisimani. Jana Ashatu kasema, "Mwambie bwana apone upesi atusomee maulidi. Tumeikosa sauti yetu."

"Yenu tangu lini?" nikamjibu, nikarudi na ndoo tupu.

Daktari anasema koo likitunzwa litapona. Ile asali ya kutibu koo uliyoahidi kumletea mume wangu, dada yangu, usiitume mpaka maulidi yapite.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Mina