Maji Chini ya Nyumba ya Mama

Kiogoro,
Jumapili mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa Ratemo,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wifi Bathsheba na watoto. Natumaini joto la Garissa limewahurumia kidogo, na kwamba kifua cha Ian kimepona. Huku sisi ni wazima wa mwili, na mvua inanyesha kila alasiri. Nimejaribu simu yako hadi nimechoka, ila mtandao wa huko kituoni kwenu naujua. Kwa hiyo barua hii utakabidhiwa na Abdi, yule muuza nguo wa Daraja Mbili, anayesafiri kuja huko leo jioni. Tafadhali isome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Uliniomba nipime udongo wa nyumbani kabla hujamjengea Mama nyumba mpya, pale mteremkoni, juu ya ile ya zamani. Niliona ni kazi ndogo, maana ndiyo ninayowafanyia watu kila wiki. Nilikwenda na Makori, fundi ninayechimba naye mashimo ya kupimia. Mwanzoni tulikuta udongo mwekundu, mzuri, nikafurahi. Lakini tulipofika kimo cha mtu, sururu ilianza kutoka na udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, unaoteleza kama sabuni. Tukamwaga maji shimoni kuona ardhi itayanywa upesi kiasi gani. Hayakushuka. Tulipomaliza kunywa chai yalikuwa yameongezeka. Makori aliinama akachungulia, kisha akanionyesha: maji mengine yalikuwa yanaingia yenyewe kutoka ubavuni mwa shimo.

Maana yake ni hii, kaka. Mvua inapenya ule udongo mwekundu, inafika kwenye ule wa mfinyanzi, inakosa njia ya kwenda chini, basi inateremka juu yake kuelekea kwa Mama. Siku moja udongo wote wa juu unaweza kuteremka nayo, na migomba, na kila kilichoko.

Nilipanda hadi kwenye shamba la chai. Huko nilikuta ufa umekatiza mteremko, majani yameuficha. Nilitia mkono, ukaingia hadi begani bila kugusa mwisho. Nilishuka mbio, Ratemo. Mtu mzima kama mimi, mbio.

Nilipomweleza Mama, alisema mlango wa chumba chake unakwama tangu Pasaka, naye amekuwa akiuchonga kwa panga akidhani mbao zimevimba. Nilimsihi aje kwangu mjini. Akanyoosha kidole kaburini.

“Na baba yako nimwachie nani?”

Nilimwambia Baba mwenyewe angemfukuza. Akacheka, akanipakulia ndizi. Nikamleta mchungaji, nikamleta chifu. Kila mmoja alipewa chai na kurudishwa kwa heshima. Tangu hapo, mvua ikigonga mabati ya ofisi yetu, sisikii tena mtu anayezungumza nami.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Alhamisi Mama alikwenda Nyamira, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alipoondoka tu, nilikuja na Makori na vibarua wake. Tuliezua mabati, tukang'oa milango na madirisha, tukaangusha kuta. Vyombo vyake nilivipeleka kwangu, pamoja na picha ya Baba. Nyumba uliyozaliwa ndani yake haipo tena, kaka, na aliyeibomoa ni mimi. Yeye sikumwuliza, na wewe sikukungoja.

Alirudi jana. Hakupiga kelele. Alizunguka pale ilipokuwa nyumba, polepole, kisha akasema, “Celestine, hata wezi huacha kuta.”

Halafu akaingia katika jiko la nje, ambalo nililiacha nikiona ni kibanda tu, akatandika mkeka. Ndimo alimo hadi sasa. Nami nimo naye, nakuandikia juu ya kigoda, kwa sababu siwezi kumwacha na siwezi kumbeba.

Tena kuna hofu nyingine, hii naona aibu kuiandika. Mteremko usiposhuka, nitabaki kuwa binti aliyembomolea mama yake nyumba bure. Leo asubuhi nilijikuta nautazama na kutamani uporomoke, watu wajue sikukosea. Ndipo nikakumbuka ni sisi tuliolala chini yake.

Njoo, Ratemo. Abdi anageuza kesho na gari lile lile, panda naye. Wewe ukimshika Mama mkono atainuka, nami unigombeze baadaye kadiri upendavyo.

Wingu limeshashuka na matone yameanza. Mama alikuwa anachambua mboga huku amenipa mgongo. Sasa ameacha. Ameinua kichwa, anasikiliza upande wa mteremko, na ameniuliza kwa sauti ndogo kama ni ngurumo.

Nisalimie wifi na watoto. Mungu akusafirishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Celestine