Waliokuchimbia Kaburi

Mama yangu mpendwa,

Kijiji chetu sasa kiko hapa jijini, mtaa wa Gatwekera. Ukuta wangu wa mabati ndio ukuta wa Ochieng, mtoto wa jirani yako Mama Awuor. Wa mlango unaofuata nilichunga naye ng'ombe. Ungekuja kunitembelea, ungesalimia watu wa nyumbani mpaka uchoke, na ungefurahi, maana ulipenda watu kupita kiasi.

Nakumbuka ukipika nyoyo, yaani mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, sufuria nzima, bila kuuliza nani atakula. Watoto wa kila boma tulitokea tu. "Mtanimaliza nyinyi!" ulifoka, huku ukituongeza. Miaka ya mwisho uliniambia kwa simu kwamba siku hizi unapikia kwenye kisufuria cha chai. Nilidhani unanitania.

Ulipofariki, tulikusanyika chumbani kwangu kupanga safari ya kuja kukuzika. Unajua kwetu mtoto hachimbi kaburi la mzazi wake. Hiyo ni kazi ya vijana wa jirani, na wafiwa huwachinjia jogoo. Nikauliza nani atachimba kabla hatujafika.

"Usijali, brathe," Ochieng akasema. "Ocha hakuwezi kosa wasee."

Wote tukaitikia kwamba kijijini hakukosi vijana, na hakuna aliyetaja jina hata moja. Mama, vijana wa jirani walikuwa sisi wenyewe, tumejaa kitandani kwangu, tukijadili nauli!

Tulifika asubuhi ya mazishi. Wanawake wa kikundi chako cha kanisa, wajane wenzako, walikuwa wamesimama kando ya shimo, leso zimekazwa viunoni, miguu imejaa udongo. Tangu lini mwanamke wa kwetu akachimba kaburi? Walilichimba. Walingoja wanaume, wakamwona mzee mmoja tu na mkongojo wake, wakachukua majembe. Kina hakikutosha. Ochieng na wenzake wakavua mashati wakaingia kumalizia, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Mimi, ambaye kila siku nachimba misingi ya maghorofa ya watu jijini, kule Gatina, nilisimama na koti langu nikalia. Sikulilia kifo chako peke yake. Nililia kwa kuwa uliwalisha vijana wa kijiji kizima, na siku yako hakukuwa na kijana.

Nyumba yako nimeifunga. Shuleni kulikuwa kimya, na darasa letu limewekwa mbuzi. Huku tunabanana hadi mlango haufunguki vizuri, kule njia zinaota nyasi. Inaniuma, Mama, na sijui nimlaumu nani.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama Awuor alinishika mkono. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Ochieng wake alikuwa ameshapanda gari.

"Nimemchimbia mama yako," akaniambia taratibu. "Sasa mimi, nani?"

Nilimwambia tutaonana Desemba.

Pumzika, Mama. Umewahi kupata mahali, kabla wa kuchimba hawajaisha.

Mimi mwanao,
kitindamimba wako