Mbwa Aliyetafutiwa Kazi

Ibra, Oman
20 Aprili 1998

Mpendwa Dada Tamima,

Shikamoo. U hali gani, na magoti yako je? Huko Mwanza mvua zinasemaje? Barua yako niliipata kabla ya Idi, nikaisoma huku nacheka huku nalia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto limeshaanza na watoto hawataki kula kitu ila tikiti.

Sasa kaa kitako nikupe kisa. Nadhir alikwenda Sinaw kununua mbuzi wa Idi. Bedui aliyemuuzia akampenda, akampa na zawadi ya watoto: mtoto wa mbwa! Mume wangu unamjua alivyo na haya, akashindwa kukataa. Akamleta nyuma ya pikapu pamoja na mbuzi. Muadh na Tufool walipomwona, wallahi, hata nguo zao za Idi hawakuzitazama tena.

Mimi na mbwa unatujua. Hujasahau yule wa jirani alivyonikimbiza mpaka nikaacha kiatu njiani. Nikasema huyu hakai hapa, anarudi kwao Sinaw.

Lakini mwenye neno la mwisho nyumbani ni mama mkwe wangu, Bi Shaikha. Tangu afiwe na mzee mwaka jana amekuwa kimya, dada. Chakula anakigusa tu. Kila alfajiri akishasali anakwenda peke yake shamba la mitende nyuma ya nyumba, harudi mpaka jua limekuwa kali. Watoto ukiwaambia wafuatane na bibi yao, hawasikii, wao na televisheni. Jambo hilo lilikuwa likiniuma sana.

Basi Bi Shaikha akatoa hukumu. "Mbwa wa kuchezea simtaki, malaika watatukimbia. Wa kulinda shamba ruhusa. Mtafutieni kazi. Idi ikimalizika na hana kazi, arudi kwao."

Mama yangu, vituko! Kila alfajiri watoto wanaamka bila ya kuitwa, wanamfuata bibi yao shambani na mbwa wao, eti wakamfundishe ulinzi. Akapewa kuku awalinde, jogoo akamtimua. Akapewa mbuzi, akalala katikati yao akakoroma.

Siku moja akalamba bakuli la maziwa la bibi. Tufool ana miaka sita tu, lakini alikumbuka alivyofundishwa chuo cha Kurani juu ya chombo kilicholambwa na mbwa: akaliosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, huku akihesabu kwa sauti ili bibi amsikie. Kumbe udongo wenyewe ameuchota kwenye kopo la mrehani wa bibi, na mche kaung'oa! Nikasema leo patakuwa hapatoshi. Bi Shaikha akautazama mrehani wake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Dada, kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mzee afe. Niliingia jikoni nikalia peke yangu.

Idi ikamalizika. Asubuhi Nadhir akawasha pikapu. Muadh kasimama na mbwa wake, machozi yanamchuruzika. Na mimi niliyesema asikae, nikawa namwomba Mungu abaki!

Bi Shaikha akatoka na bakora yake. "Zima gari, Nadhir. Kazi hana, mvivu mtupu. Lakini kanipatia watu wa kwenda nao shamba. Akae hukohuko, ndani asikanyage."

Khalas. Tumemjengea kibanda chini ya mtende, na mimi napita mbali.

Nisalimie shemeji Ishak, na Amna mwambie picha ya harusi yake naisubiri mpaka leo. Bi Shaikha anakusalimu sana. Mungu akupe afya, akutulizie magoti, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Naishia hapa, nikawawekee chai. Nawasikia wanarudi kutoka shamba, wote wanapiga kelele, na sauti iliyo juu kuliko zote ni ya Bi Shaikha.

Mdogo wako akupendaye,
Ghanima