Si Baridi Iliyokuua, Zaina

Mdogo wangu Zaina,

Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na hasira. Wiki nzima redio inatuambia upepo wa kusi umezidi nguvu, na kwamba sisi wa pwani ya kaskazini tujiandae kwa ubaridi usio wa kawaida, hasa alfajiri. Ungeiona Chumbageni ungecheka. Vijana wa bodaboda wamevaa majaketi mbele nyuma, muuza madafu wa pale kona kageuka muuza kahawa ya tangawizi, na shangazi yetu anakwenda sokoni na soksi ndani ya kandambili bila haya. Watu wa Lushoto wakishuka huku wanatushangaa, maana kwao hali kama hii ndiyo ya kuanika nguo. Lakini sisi ni watu wa joto. Tukipigwa na kaupepo kidogo tunaona tumeonewa.

Nakuandikia kwa sababu ya baridi hii, na kwa sababu ya neno nililomwambia Mama juzi. Nimetafuta wa kumsimulia, sikumpata.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitangaza hali ya hewa? Redio ya marehemu Baba ilikaa dirishani, na kila ikimalizika taarifa ya habari ya jioni, wewe tayari umeshapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, upawa mdomoni. Ulikuwa unabana pua ili sauti ifanane na ya yule mtangazaji. "Mikoa ya Tanga na Pwani, mawingu kiasi na vipindi vya jua. Chumbageni, kwa Mama Hawa, ngurumo zitasikika jikoni, na mvua ya makofi itawanyeshea walioacha vyombo bila kuosha. Matarajio kwa siku ya kesho, mabadiliko kidogo." Mama alikuwa anakurushia kifuu cha nazi huku kajishika mbavu. Na mara nyingi ulipatia! Ulimjua Mama kuliko mimi niliyemtangulia kwake. Mie nilikuwa naogopa uso wake ukinuna. Wewe ulikuwa unausoma.

Nyumba yetu unaikumbuka ilivyokuwa kabla hawajaigusa. Kuta hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anamwitikia. Popo waliingia na kutoka kama wapangaji, na upepo ulipita juu ya vichwa vyetu toka barazani mpaka uani bila kuomba ruhusa. Ulipopata mimba ukasema umechoka. "Mwanangu wa kwanza hatolala kwenye vumbi la popo," ulimwambia mumeo, na Bakari, ambaye kwako hakujua kusema hapana, akaleta mafundi kwa pesa ya kazi yake ya mpakani Horohoro. Wakapiga dari la jipsamu. Wakatia madirisha ya alumini yenye vioo, na mlango mpya uliobana mpaka ukiufunga unasikia masikio yanaziba. Majirani walikuja kukitazama chumba kabla ya kuja kumtazama mtoto. Shangazi alipapasa kile kioo akasema, "Humu hata mbu hapati pa kupenya." Tulijivuna sana siku hiyo.

Ukajifungua kipupwe, hospitali, salama, ukarudi kwa Mama kukaa arobaini yako kama ada. Na Mama akakufanyia yote aliyofanyiwa yeye. Asubuhi na jioni alikukanda kwa maji ya moto, akakufunga mkaja, akakunywesha uji wa pilipili manga uliokutoa machozi. Na chini ya kitanda akaweka jiko la mkaa, kwa sababu mzazi hapigwi na baridi. Jiko lilelile. Mimi nililazwa juu yake, na wewe, na mdogo wetu Mwanaidi, na Mama mwenyewe alilelewa juu ya jingine la aina hiyo kwa bibi. Hakuna aliyedhurika, na sasa najua ni kwa nini. Upepo ulikuwa unapita juu ya kuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba safari hii upepo tumeufungia nje.

Siku ile redio ilisema baridi itaongezeka. Mama alipomaliza kukukanda akaingiza jiko, akafunga dirisha, akatandika tambara chini ya mlango. Kabla hajaufunga ulinipa mtoto. "Dada, nichukulie huyu, nisinzie kidogo. Akilia nigongee."

Hakulia, Zaina. Alilala mapajani mwangu pale ukumbini wageni wakija na kutoka, wakimwangalia pua, wakibishana kama ni ya Bakari au ya marehemu Baba. Mama alikuwa mara jikoni, mara kwako kukuchungulia, mara kwa wageni. Mpaka ikaadhiniwa alasiri mtoto hajatoa sauti, na mimi nikawa namsifu kwa utulivu wake. Laiti angelia.

Tulipokugongea hukuamka, tukakukimbiza hospitali. Daktari aliyekupokea alitutoa nje, mimi na Mjomba Salehe na Bakari, akatuuliza kama chumbani mlikuwa na moto. Akatueleza kwamba mkaa, hata ukolee vipi, una hewa yake mbaya isiyoonekana wala kunuka, na chumba kikifungwa hewa ile humlaza mtu moja kwa moja. Bakari alikaa chini palepale, juu ya sakafu, na suruali yake ya kazini. Mjomba akatuvuta pembeni.

"Mama yenu asilijue hili," alisema. "Mkimwambia, mtakuwa na maiti mbili. Baridi imemwingia kifuani, basi. Ajali yake ilifika."

Tukakubali. Nilikuosha mimi pamoja na shangazi, na midomo yako ilikuwa myekundu kama uliyetafuna tambuu. Shangazi akasema, tazama Zaina alivyong'aa, huyu kafa shahidi. Wanawake wote wakaitikia. Mie nilikuwa nakumiminia maji tu.

Uongo ule ulimsaidia Mama kuinuka kitandani, sikatai. Lakini ulimfanya aichukie baridi kama mtu. Tangu ulipoondoka hapitwi na utabiri wa hali ya hewa. Wakitaja Tanga ananyamazisha nyumba nzima. Wakisema upepo wa kusi, anaanza kuziba matundu. Mwanao Rehema amekua akivalishwa sweta juu ya sweta, mpaka watoto wenziwe wanamwita gunia. Mama anakaa na kujilaumu kwa sauti: "Ningeweka moto zaidi. Mkaa ule ulikuwa mchache." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, nikawa naondoka na ndoo kwenda kuchota maji yasiyohitajika.

Basi na Mwanaidi naye amezaa. Kitinda mimba wetu, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni ukimwita mzigo wa bandari. Kazaa mtoto wa kiume, kipupwe hikihiki, na kaletwa kwa Mama, chumba kilekile chenye dari na vioo. Mama alikuwa amejiandaa kabla hata mimba haijaingia miezi mikubwa. Alinunua jiko la pili.

Nilijaribu kila njia ya mkato. Nilimwambia hospitali siku hizi wanakataza. Akanijibu, "Hospitali wanajua nini baridi ya huku? Walimrudisha mwenzake mzima, akanifia." Nikaficha gunia la mkaa kwa jirani, akaagiza jingine. Nikampigia Mjomba simu. Mjomba siku hizi anapumua kwa shida, hana sauti, akaniambia, "Weye angalia dirisha tu liwe wazi. La zamani liache lilivyolala." Nikawa mlinzi wa dirisha. Naingia nalifungua, natoka, Mama anaingia analifunga. Tulikwenda hivyo siku kadhaa, tukipishana mlangoni bila kutazamana, na redio inazidi kusema baridi.

Juzi asubuhi nilikwenda gengeni kununua nyanya. Niliporudi nikakuta mlango wa chumba umefungwa na tambara liko chini yake. Nikausukuma. Mwanaidi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani, anajipapasa paji la uso. "Dada," alisema, na ulimi ulikuwa mzito, "kichwa kinaniuma."

Sikumbuki nilivyofanya yote. Nilimpokonya mtoto, nikamvuta Mwanaidi kwa mkono mpaka uani, nikamrudishia mtoto, nikarudi nikafungua kioo, nikayaburuta yale majiko mawili kwa mikono yangu mitupu. Viganja bado vina malengelenge, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Makaa yakamwagika ukumbini. Rehema akaanza kupiga kelele. Na Mama akatokea jikoni na mwiko wake, akaona moto umetoka na dirisha liko wazi, upepo unaingia unapeperusha pazia.

"Hawa! Una wazimu? Unataka kuniulia na huyu?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Lakini aliinama, Zaina, akaanza kuyaokota makaa kwa koleo ayarudishe.

"Mama, si baridi iliyomuua Zaina," nilisema. "Ni jiko."

Akaendelea kuokota, kaa moja, jingine. Nikamweleza yote pale tulipokuwa, yeye kachuchumaa, mimi nimesimama na viganja vyangu vilivyoungua. Nilimweleza maneno ya daktari, habari ya dari, ya vioo, ya upepo uliokuwa ukipita zamani. Nilisema haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Koleo likasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Mjomba. Na Bakari."

"Miaka yote hii," alisema, "mnakula kwangu. Mnapokea mikononi mwangu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Sisi tukampeleka Mwanaidi hospitali, wakamtazama yeye na mtoto, wakampumzisha, jioni wakawaruhusu. Wazima wote wawili, alhamdulillahi. Tuliporudi Mama alikuwa hajatoka. Rehema alikuwa amemwekea chai mlangoni, na chai ilikuwa imepoa na utando juu.

Nataka ujue kwamba nilimchukia Mjomba siku hiyo, nikamchukia na fundi wa jipsamu ambaye hata jina simjui, na wewe nilikuchukia kidogo kwa kuwachukia popo. Kisha ikapita.

Jana nilipoamka nilimkuta Mama uani, kajitanda kanga, upepo unampiga. Jiko amelikoka pale nje, mbali na ukuta. Anakunja vitambaa, anavipasha juu ya moto, anavijaribu kwenye shavu lake visije vikaunguza, kisha anavipitisha dirishani kumpa Mwanaidi ajikande tumbo. Chumbani haingii. Nilimwamkia shikamoo, akaendelea kukunja vitambaa. Nikavuta kibao nikakaa upande wa pili wa moto. Nikawa nampokeza vitambaa kwa ncha za vidole. Tulifanya kazi hivyo hivyo, kitambaa kikipoa kinarudi, kingine kinakwenda.

Akazungumza bila kunitazama.

"Aliniambia kichwa kinamuuma."

Nikadhani anamsema Mwanaidi. "Ndiyo, Mama, lakini sasa hajambo."

"Zaina," alisema. "Nilipoingia kumchungulia. Akaniambia, mama, kichwa kinaniuma. Nikamwambia hiyo baridi, mwanangu, imeshakuingia. Nikamwongezea mkaa."

Kisha akachukua kitambaa kingine akakinyoosha juu ya moto.

Hilo sikulijua, mdogo wangu. Daktari hakulijua, wala Mjomba, wala Bakari. Alikuwa nalo yeye peke yake miaka yote, neno dogo la kawaida ambalo mzazi yeyote anaweza kumwambia mama yake, na halikuwa na uzito wowote mpaka mimi nilipofungua mdomo. Mwanaidi yu hai. Mwanawe yu hai, ananyonya mpaka anapaliwa. Ningerudishwa pale ukumbini ningesema tena vilevile, sina shaka. Lakini nimemwona Mama akikaa na moto ule mbele yake, na sijui kama Mjomba alikosea.

Leo redio imesema ubaridi utaendelea siku chache, kisha upepo utapungua. Zamani ungeshapanda kinuni na kutuambia na ya nyumbani. Mie nimekaa namtazama Mama toka asubuhi, nimeshindwa kukisia hata kesho ataamkaje. Hapigi kelele, halii, hafungi tena madirisha. Walipotaja Tanga hakumnyamazisha mtu.

Dua zangu zote ni zako na makosa yetu ni kwa Mungu. Rehema hajambo, leo nimemvua sweta moja akakimbia uani kama aliyefunguliwa kamba. Na nina ombi moja, Zaina. Huwa unanijia ndotoni, tunacheka, naamka nimefurahi. Mara hii usije kwangu. Nenda kwa Mama. Mwambie kichwa chenyewe kiliuma kidogo tu.

Dada yako mkubwa,
ninayekulelea mwanao