Supu ya Ndege Waliyemwita Kongoti

Hooyo, mama yangu,

Leo Saadia amekunywa supu yako. Alimaliza bakuli la kwanza, akaomba la pili, akafyonza na mfupa. Nakuandikia sasa hivi kabla sijatulia, maana nikitulia naweza kuanza kumwonea huruma, na sitaki.

Naandika kwa Kiswahili, kile ulichokitumia kuwafokea madereva wa malori wakikaa mezani bila kunawa. Najua hukujua kusoma. Saadia anajua, na barua hii nitaiacha mahali aione.

Unamkumbuka yule mhandisi wa barabara uliyekuwa ukimpikia? Alipohama akakuachia bata mzinga wake, dume na majike. Mtaa wetu wote haukuwahi kuona ndege kama wale. Ukamwomba mzee wa msikitini akuchinjie mmoja, ukampika hotelini kwako, mkabala na soko la mifugo, na wateja wakalamba vidole. Halafu Saadia, ndugu yako wa tumbo moja, habaryar yangu huyo, mama mdogo, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, akaona ile shingo nyekundu isiyo na manyoya, akawaapia watu kwamba umewapikia kongoti. Kongoti, Hooyo! Yule ndege mwenye upara anayegombea matumbo pale machinjioni! Mzee aliyechinja alikuwa ameshasafiri kwao Rhamu, hukuwa na wa kukutetea. Wafugaji waliotoka Hadado na Eldas wakatema mate mlangoni kwako, wakavuka barabara wakala kwake.

Ukafunga hoteli. Ulisema tu, "Hodan, Mungu anaona." Sawa, anaona. Lakini na mimi nina macho. Homa ilipokushika ulikuwa umeshaacha hata kutoka nje kwa aibu, na wacha niseme waziwazi: kilichokuua ni ule mdomo wa Saadia.

Na kwenye taazia yako je? Alikuja na sufuria zake mwenyewe. Akawaambia wanawake waje wale chakula chake, eti vyombo vya nyumba hii havijulikani vimepika nini. Wakala, tena ndani ya nyumba yako, udongo wa kaburi lako haujakauka. Nilipiga kelele nikilia, wakadhani ni uchungu wa msiba tu.

Basi leo, siku ya sadaka yako, sikuchinja mbuzi. Nilimkamata yule dume aliyebaki, mkorofi yule anayefukuza watoto. Nikamwita sheikh amchinje mwenyewe hapa uani, wazee wakishuhudia, nikawasihi wasiseme neno mpaka watu wamekula. Sheikh akacheka, "Binti, una shari wewe." Ninayo.

Nikapika ulivyonifundisha. Mifupa chini, nyama juu, vitunguu, xawaash yako ya bizari na iliki, maji baridi. Mfuniko nikauziba pembeni kwa unga uliokandwa, makaa machache chini, machache juu, jivu likafunika. Ilikuwa baada ya swala ya alfajiri. Ulikuwa ukinichapa mkono nikichochea moto: "Supu haipigwi, inabembelezwa." Hasira inataka moto mkubwa, Hooyo. Mikono iliniwasha, lakini sikuongeza hata kaa moja. Nilikaa kwenye kigoda nikiisikiliza ikinong'ona mle ndani hadi adhuhuri. Nilipouvunja ule unga, harufu ikatoka, na ulikuwa wewe. Wewe kabisa. Nikasimama na upawa mkononi, nikashindwa kuchota. Nani angeonja chumvi sasa? Nikaonja mimi. Ilikolea.

Saadia alikaa mbele, akisifu kwa sauti. "Maashallah, Hodan, kuku gani mnono hivi?" Nikamjibu wote wakisikia: "Si kuku, habaryar. Ni yule kongoti wa mama."

Mkono ukamwenda mdomoni. Nyuma ya pazia, upande wa wanaume, sheikh akasema, "Nimemchinja mimi, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ndege huyu ni halali, na alikuwa halali tangu siku ya kwanza." Kutema sadaka ya marehemu mbele za watu hawezi. Akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka, na furaha niliyoipata, astaghfirullah, sijawahi kuipata tangu uondoke.

Mama mmoja akamgeukia, "Saadia, wewe si ulituapia?" Akajifunika uso kwa ushungi. Wengine wakainuka mmoja mmoja, wakaja kunishika mkono na kukutaja kwa jina lako, vizuri, kama zamani.

Alasiri akarudi peke yake, akilia. Anataka nimsamehe kwa niaba yako. Nikamwambia mwenye msamaha huo yuko makaburini, aende akamwombe mwenyewe. Nikafunga mlango. Na kweli ameenda, jua lote lile. Wapita njia wanasema amekaa chini karibu na kaburi lako na hataki kuinuka.

Kesho nafungua hoteli. Nitapika supu hii kila Ijumaa, mlango wazi, harufu ivuke barabara imfikie. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika, Hooyo wangu. Nakujua, huyo anayelia hapo kwako ungeshamsamehe kabla hajajifuta machozi. Mara hii moja tu, nakuomba, usimjibu.

Binti yako,
Hodan