Betri ya Ubao wa Baba

Katonga, Kigoma

Kwako dada yangu mpendwa Rozalia,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimekuachia. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mke wangu Honorata hajambo, isipokuwa anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake. Dagaa mwezi huu ni wa kubahatisha, lakini migebuka ipo, na mawese ya safari hii ni mazuri. Nimekuwekea dumu moja, Mwasiti anakuja nalo pamoja na barua hii. Tafadhali usiwagawie Mbagala nzima kama ulivyofanya mwaka jana.

Najua umeshangaa. Mimi wa kukutumia meseji kila kukicha, leo nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Kuna maneno simu haiyabebi. Nikikupigia baba anasikia hata nikijificha nyuma ya jiko, masikio yake siku hizi yamekuwa makali mno. Meseji nayo inasomwa na yeyote anayeokota simu yako, na kwako simu ni mali ya ukoo. Ndiyo maana juzi nilikuomba kwa maneno machache tu umwache yule karani wa ofisi ya mizigo, usimpeleke polisi, nikakwambia sababu inakuja. Sababu ndiyo hii, ila vumilia, nitaianzia mbali kidogo.

Baba alipokatwa mguu wa pili kwa sababu ya kisukari, unakumbuka walimpa kile kiti cha magurudumu. Sikukusimulia vizuri mwisho wake. Siku ya kwanza tu kilizama kwenye mchanga wa ufukweni, hakiendi mbele hakirudi nyuma, ikabidi nimbebe mgongoni kumpandisha nyumbani, wachuuzi wa dagaa wote wakitutazama. Tulipofika alisema kwamba mtu aliyewaundia boti nusu ya wavuvi wa mwambao huu hawezi kubebwa kama kichanga kwenda kutazama wenzake wakifanya kazi, na kama hakuna namna ya kushuka mwenyewe, basi hatashuka tena. Na kweli hakushuka.

Hapo ndipo nilipomletea ile video ya yule mtu wa Ulaya asiye na miguu, amekaa juu ya ubao wenye magurudumu manne na mota chini yake, kashika remoti mkononi, anapanda kilima kama hana habari. Baba alisema kioo cha simu ni kidogo, nimweleze tu kwa mdomo. Nikamweleza. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tumzike mama. Akasema hivyo vingine nitafutieni nyinyi wasomi wa simu, lakini ubao nitauchonga mimi, msije mkaniletea mbao za maboksi.

Dada, mimi na wewe tumeijua dunia kwa kutafuta vipuri vya chombo kimoja. Mimi nilizunguka Kigoma mjini na Buzebazeba yote, kila duka likaniambia nimngoje mtu anayetoka Dar, na mtu wa Dar mwenyewe ni wewe. Wewe nawe ukazungushwa Kariakoo na wenye maduka wanaosema ninacho, kaa hapo, halafu wanatoka mbio kwenda kukitafuta kwa jirani. Tukashukuru kwa yale matairi madogo ya upepo, ingawa yalikuwa ya toroli. Mota ya ndani ya nchi tukauziwa ya pampu ya maji. Kila nikiikumbuka nacheka peke yangu dukani, wateja wanadhani simu zao zimenitia wazimu.

Tukageukia nje. Lile duka la Marekani lilikuwa na kila kitu mpaka skrubu, limepangwa utadhani duka la dawa, lakini orodha ya nchi wanazotuma mizigo, iliyopangwa kwa alfabeti, inatoka Taiwani inaingia Thailandi, sisi tumerukwa kama dimbwi. Ndipo yule muuzaji wa China akatukubali. Mota ikaja upesi mpaka tukamwombea heri. Kile kiboksi kinachoiamuru mota kikaja cha mota ya aina nyingine, tukakingoja tena. Mkanda ukaja mfupi, nao tukaungoja tena. Betri ndiyo ikawa kesi, maana ndege haziitaki kwa kuogopa moto, lazima ipande meli, ishuke Dar, ikae kwa wakala wa mizigo, ndipo ipakiwe lori la kuja huku. Baba alipoambiwa betri inatoka ng'ambo akauliza kwa nini tusimwagize mtu wa boti za Kalemie, hapo Kongo ng'ambo ya ziwa, atuletee wiki hii hii. Nikamwambia ng'ambo hii ni nyingine, haionekani hata siku ya anga safi.

Basi akawa anangoja. Kila nikitoka kazini namkuta barazani na ubao wake wa mninga mapajani. Ameuchonga kwa tezo, ameupiga randa, ameupinda kidogo mbele kama pua ya boti. Kulitokea ufa mdogo kando, akaukalafati, akauziba kwa pamba na mawese kama wa boti. Nikamtania kwamba baba, hiki hakielei. Akanijibu kwamba chombo ni chombo, hujui kitakutana na nini. Kazi yote aliifanya kwa kupapasa, kiganja kikipita na kurudi, nami nilifurahi nikisema ufundi umerudi mikononi. Nilikuwa namtazama kila siku na sikuona chochote.

Sasa sikiliza. Mzee Telesphory, yule aliyemfundisha baba kazi, alikuja kumjulia hali. Unajua heshima ya baba kwa mzee yule. Hata alipokuwa na miguu yake na watu wanamwita fundi mkuu, akimwona Mzee Telesphory alikuwa anavua kofia kabla hajamkaribia, na shikamoo yake ilikuwa inasikika mpaka majini. Mzee alipanda kilima kwa fimbo, akaingia uani, akakaa kwenye kigoda mkabala na baba, akangoja kuamkiwa kama ilivyo desturi. Mkubwa hawezi kuanza. Baba akaendelea kusugua ubao wake huku akiimba puani. Mzee akakohoa. Baba akasema tu, Honorata, kama hayo maji yamechemka niletee. Honorata hakuwepo, alikuwa kisimani. Mzee wa watu akakaa, akakaa, kisha akanyanyuka na fimbo yake akaondoka.

Mimi nilikutana naye njiani, uso umefungwa, akanipita bila kuniitikia. Kesho yake akatuma mtu, ambaye ndiye aliyenisimulia yote hayo, na neno kwamba Adolf sasa amekuwa mkubwa, amemsahau aliyemshikisha tezo, na asimwone hata kwenye msiba wake. Nilimwuliza baba kuna nini kati yao. Akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba Mzee Telesphory hajakanyaga hapa tangu Pasaka, na kwamba hata yeye amemkumbuka.

Hapo nikaanza kushuku. Jioni iliyofuata nilifanya kitu ambacho sijakifanya tangu nijue kusema. Nilivua viatu njiani, nikaingia pole pole, nikasimama mbele ya baba yangu mzazi bila kumwamkia. Nilisimama karibu mpaka naona mvi za nyusi zake. Aliinua uso, akanitazama, dada, lakini hakunitazama mimi, alitazama njia ya kuingilia uani, akangoja, kisha akarudi kwenye ubao. Nikatoka. Nikavaa viatu, nikarudi nikiburuza miguu, nikasema shikamoo baba. Akasema, marahaba Samson, leo umechelewa.

Ndivyo alivyotuficha. Kila anayeingia hapa ni mdogo wake, na mdogo ndiye anayetangulia kuamkia, kwa hiyo baba anaitambua sauti na kutaja jina, nasi tunasema mzee yuko imara. Nyumba nzima ya watu wenye adabu, na adabu yetu ndiyo iliyotufumba. Mtu pekee ambaye baba alipaswa kumwona na kumwamkia kwanza ndiye aliyetoka hapa akidhani amedharauliwa. Na siwezi kwenda kumweleza, maana nikimtetea baba nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mtu anayemwogopa kuliko wote.

Nilikwenda kliniki kuchukua dawa zake peke yangu. Nesi Scola, ambaye hunipa dawa hizo kila mara, aliniuliza mzee anaendeleaje na macho, akidhani najua. Nikajifanya najua. Nikasema anajitahidi. Basi akaongea. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga na kivuli tu, na hilo nalo linaondoka. Hospitali kubwa wangeweza kuuchelewesha upofu, lakini wakati wake umepita. Baba aliambiwa yote haya kabla hatujaagiza hata mota, akamwomba daktari amwachie awaambie wanawe mwenyewe. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi, namngoja nimbebe.

Dada, nililia njiani kama mtoto, sikuona haya. Na sasa nafika penyewe.

Betri ilifika. Yule karani hana kosa lolote. Aliipakia kwenye lori kama alivyokuapia, ikafika Kigoma salama, nikaipokea na kutia sahihi kwa mkono wangu, juma lile lile la Mzee Telesphory. Iko dukani kwangu chini ya meza, nimeifunika gunia. Nimeijaribu na mota inazunguka vizuri sana, haina hata kelele. Hakuna kipuri kilichobaki, si cha Kariakoo wala cha China. Zimebaki nyaya chache ambazo nazifunga kabla chai haijapoa. Nikakwambia wewe haijafika, nikamwambia baba imekwama bandarini, nikakuacha ukashinde kwenye ofisi ya watu ukiwatukana. Nisamehe. Mtafute yule kijana umwombe radhi, na ikibidi mwambie mdogo wako ni mwongo, nitakuwa nimestahili.

Sikufanya kwa ubaya, nilifanya kwa kukosa la kufanya. Ile njia ya kushuka ufukweni unaijua, mteremko wake, bodaboda zinazokata kona bila honi, na inapoishia ni majini. Nikimfungia betri nitakuwa nimemtuma baba yangu huko kwa mkono wangu. Nikikataa, itabidi nimwambie kwamba najua, na siku atakayojua kwamba najua, hatakuwa na kitu cha kungojea. Kila nikilala naona hili, nikiamka naona lile. Nimetengeneza simu zilizotumbukia ziwani, zilizokanyagwa na lori, lakini kwa hili sina bisibisi.

Juzi jioni aliniuliza kama kawaida yake, betri imefika wapi. Nikamjibu kama kawaida yangu, bado bandarini. Alikuwa anaupaka ubao mawese ili ung'ae, akausugua kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwana wanje, mwanangu, siku betri itakapofika, usiniambie siku hiyo hiyo. Acha ilale kwanza."

Nikasema sawa baba. Tukakaa wote wawili, yeye anapaka mawese mahali alipokwisha kupaka, mimi namtazama, mpaka Honorata akatuita kula.

Kwa hiyo dada, usiagize betri nyingine, na usimwandikie tena yule muuzaji maneno makali. Njoo. Wewe ndiye mkubwa wetu na wewe ndiye aliyekuwa anamsikiliza tangu zamani. Hata kwa siku chache, omba ruhusa kwa shemeji, panda treni uje tukae naye. Labda wewe utajua pa kuanzia. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Na ukija, mwamkie ukiwa bado njiani, kabla hujaingia uani, ili apate nafasi ya kulitaja jina lako.

Msalimie sana shemeji, na hao wapwa zangu uwabusu mmoja mmoja, hasa huyo kichanga ambaye bado hatujamshika. Honorata anakusalimu, anasema usisahau kile kitenge. Baba naye anakusalimu sana. Anajua nakuandikia, ila anadhani ni habari za mawese. Ameniambia nisisahau kukuambia kwamba ile picha ya kichanga uliyoituma ameitazama vizuri, na paji lile la uso ni la marehemu mama yetu kabisa.

Ni mimi mdogo wako,

Samson