Sahani Iliyorudi Tupu

Jumatano, kumi la mwisho la Ramadhani

Miguu inaniwaka, na mwanangu Rayyan ndo kwanza kalala. Leo nimepika mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kusaga, peke yangu, mara ya kwanza tangu niolewe nyumba hii. Mama mkwe alishasema asubuhi: "Ukiharibika, boko boko la Idi sikuachii, ngano na nyama napika mwenyewe."

Mtoto alilia, nikakaa kumnyonyesha, unga ukaumuka kupita kiasi. Mkate ulipoiva mama mkwe akaunusa. "Umechacha huu." Hata hivyo nikampelekea jirani yetu Bi Zuwena sahani yake ya futari. Ningefanyaje?

Baada ya tarawehe mjukuu wake akairudisha tupu, imeoshwa. Sahani ya jirani hairudi tupu, hata tende mbili hutiwa. Nikajua mkate kautupa. Nilitaka kulia, ila kwa kuchoka hata machozi...

Mara Bi Zuwena akaita dirishani kwake, ng'ambo ya uchochoro. "Mama Rayyan!"

"Naam, Bi Zuwena."

"Sahani nimeirudisha tupu makusudi. Kesho nitilie tena."

"Ulichacha, Bi."

"Ndo nnavyoupenda. Wa mkweo sukari tupu, unanikereketa koo."

"Nakusikia, we Zuwena," mama mkwe akajibu kutoka ndani.

Kama boko boko nitaachiwa, bado sijui. Lakini nilipokwenda kuzima taa ya jikoni, nikakuta mama mkwe kesharoweka mchele wa mkate wa kesho. Kusaga kaniachia mie.